Wanyama Tuliokwenda Kuwaona Tukawafukuza

Jumapili. Baridi ya Agosti imekaa hapa Kaloleni, Nairobi, kama mgeni ambaye hakuna anayethubutu kumuuliza ataondoka lini. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, mchana jua likachungulia kidogo, sasa jioni mawingu yamerudi mahali pake. Mke wangu na mtoto mdogo wamelala bila kumaliza chai. Mimi nimekaa kwenye kizingiti cha mlango, simu mkononi, na mifupa inaniuma kama siku ya kazi ingawa leo sikugusa kazi.

Moyo wangu si mzuri, lakini si mbaya pia. Uko kama mtu aliyeambiwa ukweli na bado hajajua kama ashukuru au akasirike.

Leo nilipeleka familia yangu kuona wanyama.

Mtu wa kwetu akisoma sentensi hiyo atacheka mpaka akae chini. Kijiji chetu kiko mpakani mwa Tsavo, upande ambao ua wa umeme haujafika. Sisi hatuendi kuwaona wanyama. Wao ndio huja kutuona.

Kwa wale ambao hawajawahi kupita kwenye ukurasa wangu huu, mimi napiga msasa kwenye kibanda cha vinyago huku Eastlands. Mafundi wenyewe huchonga. Mnyama akishapata miguu na masikio, analetwa kwangu. Namsugua mpaka awe laini, nampaka rangi ya viatu, nasugua tena mpaka ang'ae. Nimefanya hivyo miaka mingi na kifua changu kimejaa vumbi la mbao. Niliachia shule darasa la saba, kwa hiyo mkiona nimekosea mahali, songeni mbele tu. Wanyama wanaouzika sana ni ndovu. Wiki nzima ndovu wako mapajani mwangu, na wiki hiyo hiyo ndovu wenyewe, wale wa kweli, wako kwetu.

Wazo la kupeleka familia mbugani lilitoka hapo kibandani. Mwezi uliopita ilikuja familia moja ya watalii, baba, mama na watoto watatu wenye pua nyekundu kwa jua. Dereva wao ndiye aliyekuwa akitafsiri. Yule baba akaniuliza natoka wapi. Niliposema Tsavo akafurahi kama ambaye amekutana na ndugu. Walikuwa wametoka huko huko. Walilala kwenye hema, ndovu wakapita karibu usiku wakivunja matawi, na watoto wakakaa kimya gizani wakisikiliza. Akasema watoto wake hawatausahau usiku huo maisha yao yote.

Nikamwambia hata wangu hawawezi kuusahau.

Dereva akatafsiri. Yule baba akacheka kwa furaha, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanunua ndovu.

Sikumchukia. Nataka hilo lieleweke. Mtu amefunga safari na watoto wake, amewaonyesha kitu kizuri, kosa lake liko wapi? Nilichobaki nacho ni namna watoto wale walivyokuwa wakimtazama. Walimtazama kama mtu aliyewapeleka mahali. Mimi watoto wangu hunisikia kwenye simu. Nikienda nyumbani Krismasi, yule mdogo huchukua siku mbili kuacha kunikimbia.

Nikasema, na mimi nina familia. Na mimi nitawapeleka mahali.

Shule zilipofungwa nikawaita Nairobi. Mwezi wa nane kwetu shamba liko tupu, hakuna cha kulinda, kwa hiyo walikuja wote watatu: mke wangu Mwende, binti yetu Ndanu ambaye ana miaka kumi na mmoja, na Mumo mdogo. Hawajawahi kuja pamoja. Nilinunua godoro lingine, nikapachika pazia katikati ya chumba, nikasugua sakafu kwa brashi.

Lakini kulikuwa na jambo lingine ambalo sikumwambia yeyote. Sikutaka warudi.

Nilikuwa nimekwenda shule ya msingi iliyo karibu na hapa, nikazungumza na mwalimu mkuu, akanipa nafasi ya Ndanu kuanzia muhula huu unaokuja. Nilishajiona mwokozi. Nitawatoa mpakani, waishi kama watu, wasijue tena habari za ndovu isipokuwa wale wa mbao. Nilipanga kumwambia Mwende leo, huko mbugani, tukiwa tumeshiba na tumefurahi, ili akose pa kusemea hapana.

Ndanu ndiye aliyekuwa akinitia wasiwasi tangu wafike. Hakutaka kutembezwa. Hakutaka kuonyeshwa jiji. Alilala tu. Ploti yetu ina redio tano zinazopiga nyimbo tano, kuna watu wa kugombana na watu wa kuamua ugomvi, na huyu mtoto analala katikati ya hayo yote mpaka jua linapanda. Juzi nilimwambia, "Wewe umekuwa mvivu wa mjini hata kabla hujaujua mji." Mama yake alinitazama, akaendelea kukuna nazi. Sikuelewa yale macho.

Sasa safari yenyewe. Jirani yetu Mama Hamdi, anayeuza magauni ya madira pale soko la Muthurwa, ana chama cha wanawake ambacho kila Agosti hukodi basi la shule na kupeleka watoto wa hapa mtaani kutembea. Mwaka huu walichagua mbuga ya hapa hapa Nairobi. Aliposikia familia yangu imekuja akatuwekea kiti cha nyuma kabisa, karibu na chakula.

"Baba Ndanu," aliniambia asubuhi akipanga sufuria nyuma ya basi, "nyinyi ndio walinzi wa pilau. Ikimwagika, tunawashusha kule kwa simba mkajieleze."

"Simba wa Nairobi wanakula watu wa Ukambani?" nikamuuliza.

"Watakula. Watakohoa vumbi la mbao, lakini watakula."

Tulicheka. Mwende alikuwa amevaa kile kitambaa cha kichwa cha kwendea kanisani. Nilimtazama nikaona bado ni msichana yule yule, na nikaona pia kwamba amekonda.

Tulipoingia mbugani akamuuliza dereva, kijana mmoja mcheshi anayeitwa Oti, "Ndovu wako upande gani?"

"Hapa hakuna ndovu, mathe," Oti akamjibu kwenye kioo. "Labda wale watoto mayatima wanaolelewa upande ule, na hao wana saa zao za kuonwa. Huku porini hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Mwende akanigeukia. "Baba Ndanu, mbona hukuniambia? Tungekuja na jembe, tulime hapa hapa."

Basi zima likacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilisikia nilichotaka kusikia. Nikajiambia, huyu ameshaanza kuupenda mji mwenyewe, kazi yangu imekuwa rahisi.

Tulizunguka sana. Tuliona punda milia, tukaona mbuni akitembea kama mtu aliyechelewa kazini, tukaona swala wengi mpaka watoto wakaacha kuwahesabu. Simba hatukumwona. Watoto wa mbele wakaanza kupigania dirisha, na Ndanu, kama kawaida yake, akalala begani kwa mama yake. Kisha kwenye kona moja yenye vichaka Oti akapunguza mwendo na kuzima injini.

Kundi la nyati lilikuwa linavuka barabara. Nyuma yao kulikuwa na twiga wawili, wamesimama, shingo juu ya miti. Walikuwa karibu kiasi kwamba uliweza kuona kamasi kwenye pua za nyati.

"Wasee, kimya," Oti akasema kwa sauti ya chini. "Mtu asiongee."

Basi likanyamaza. Simu zikainuliwa. Mama Hamdi akamziba mwanawe mdomo kwa kiganja. Nilitaka kumwamsha Ndanu, nikasema acha kwanza nipige picha moja.

Nyati mmoja mkubwa akaacha wenzake, akaja upande wetu, akaingia kichakani chini ya dirisha letu. Tawi likavunjika.

Ndanu hakuamka kama mtoto anavyoamka. Alikuwa amelala, kisha alikuwa amesimama. Mkono mmoja ulikuwa na kifuniko cha sufuria ya pilau, mwingine ulikuwa na mwiko, na alikuwa akipiga pa! pa! pa! pa! huku akitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake, sauti nene ya kufukuza. Kifuniko hakijalia mara nne, Mwende naye alikuwa amenyakua beseni la kachumbari, ameimwaga yote sakafuni, anapiga kitako cha beseni kwa ngumi. Na mimi? Mimi nilikuja kujisikia nikiwa tayari napiga ubavu wa basi kwa viganja vyote viwili, nikinguruma, "Hoo! Hoo! Hoo!"

Hakuna aliyetuambia. Hakuna aliyefikiri.

Nyati waligeuka wote kwa pamoja, wakaondoka wakirusha matope. Twiga wakakimbia kwa zile mbio zao za kuyumba. Hata ndege waliokuwa kwenye miti walihama. Tulipokuja kunyamaza, barabara ilikuwa tupu kama uwanja wa shule siku ya likizo, na watu wote wa basi walikuwa wametugeukia.

"Jameni!" mama mmoja wa mbele akalia. "Nilikuwa ndio nafungua kamera!"

"Hawa ni watu wa aina gani?" mwingine akauliza. "Tumekaa asubuhi yote tukitafuta wanyama, wao wanafukuza!"

Oti alikuwa ameshika usukani, mdomo wazi. "Manze," akasema mwishowe, "nimeleta watu hapa wakaogopa wanyama. Wanyama kuogopa watu, hii ni mara ya kwanza."

Mama Hamdi alikuja nyuma polepole. Akaangalia kachumbari sakafuni. Akachukua kifuniko kutoka mkononi mwa Ndanu, akakigeuza. Kilikuwa kimebonyea katikati. Nilijua tumeharibu siku ya watu na sasa tutasikia maneno. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka buibui ikamtoka kichwani.

"Wallahi, Mama Ndanu," akasema akijifuta macho, "kesho mnakuja nami Muthurwa. Askari wa jiji, hao kanjo, wakitokea tu, mnawapigia hivyo hivyo. Nitauza mpaka jioni bila kusumbuliwa!"

Basi likalegea. Watu wakaanza kucheka, wengine bado wakinung'unika. Lakini Ndanu hakucheka. Alikuwa ameketi, ameficha uso kwenye mapaja ya mama yake.

Punde gari la askari wa wanyamapori likaja, kwa sababu kelele zile zilisikika mbali. Askari mmoja, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, akapanda basi na kuuliza nani amepiga kelele. Oti akatuelekeza kwa kidevu. Nikasimama haraka nikasema ni mimi. Askari akanitazama, akatazama kifuniko kilichobonyea, akatazama mtoto.

"Mnatoka wapi?"

"Kaloleni, afande."

"Sijauliza mnakoishi."

Nikamtajia kijiji chetu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jina la rafiki wa zamani.

"Nilifanya kazi upande huo," akasema. "Kule mngeshukuriwa. Hapa, tafadhali, hapana. Wageni wangu nao wanataka kuwaona." Kisha akainama kidogo kuelekea kwa Ndanu. "Msichana, hapa zamu ni yetu. Wewe pumzika."

Ndanu akainua uso na kumtazama. Mwende akageukia dirishani, akakaza macho nje.

Neno lile la zamu lilinishika. Kwa nini amwambie mtoto habari za zamu?

Ngoja nieleze kitu ambacho watu wa hapa hawakijui. Kwetu nyumba zimejengwa kwa mstari mmoja unaofuata mpaka wa mbuga, mashamba yakiwa mbele na nyumba nyuma yake. Mahindi yakianza kukomaa, kila nyumba ina mtu wa kukesha. Nyumba ya kwanza ikisikia tawi linavunjika, inapiga debe. Ya pili inapokea, ya tatu inapokea, mpaka mstari wote unalia. Ndovu akisikia kelele kila mahali anaona hakuna njia, anarudi. Nyumba moja ikinyamaza, anapita hapo. Sote tunalijua hilo tangu utoto. Mimi mwenyewe nililipiga debe la baba yangu mpaka nilipokuja Nairobi, na nilipoondoka, binamu yangu Kioko ambaye ni jirani alikubali kukesha kwa ajili ya nyumba mbili, yake na yangu.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijua mpaka leo mchana.

Tulipofika mahali pa kulia, watu wakatandika mikeka. Mama Hamdi alimvuta Ndanu akamkabidhi kazi ya kugawa pilau, nadhani ili mikono yake ipate cha kufanya. Mimi na Mwende tukakaa pembeni.

"Ndanu alijifunza wapi kupiga namna ile?" nikamuuliza.

Alinigeukia. "Unauliza kweli?"

"Nauliza kweli."

"Alijifunza ghalani. Nani mwingine wa kukesha? Mimi niko na Mumo mgongoni na tochi mkononi, nazunguka upande wa chini. Debe ni lake."

"Na Kioko?"

"Kioko yuko Mombasa tangu mwaka jana. Anabeba mawe kwenye majengo."

Pilau ilikuwa mkononi mwangu. Nikairudisha kwenye sahani.

"Mbona hukuniambia?"

"Ukipiga simu unauliza kama mahindi ni salama. Nikikuambia ni salama, unasema asante Mungu, unauliza Mumo anaendeleaje, pesa za simu zinakwisha." Alikuwa anaongea bila hasira, na ingekuwa afadhali akasirike. "Hujawahi kuuliza ni nani aliyekesha."

Kwa hiyo nikatoa ile siri yangu, vibaya, kabla ya wakati wake, kama mtu anayerusha kamba kwa aliyekwisha kuvuka mto. Nikamwambia habari za mwalimu mkuu na nafasi ya Ndanu. Nikamwambia wasirudi. Nikamwambia, "Si unaona, hii ndiyo sababu. Mtoto atalala."

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na Syombua?" akauliza. Syombua ni mke wa Kioko. Ana mtoto anayenyonya.

"Syombua ana mume wake."

"Mume wake yuko Mombasa, nimekuambia. Nyumba yetu ikinyamaza, ndovu watapita hapo, na wakishapita, wa kwanza kukutana nao ni yeye na kile kichanga. Baba Ndanu, mstari wote siku hizi ni wanawake na watoto. Wanaume wako Mombasa wanabeba mawe, na wengine wako Nairobi wanawapaka ndovu rangi ya viatu."

Hilo liliniuma. Nilikasirika kweli. Nilimwambia kama si hiyo rangi ya viatu watoto wasingevaa viatu vyenyewe. Akasema anajua. Akasema hajawahi kunidharau kwa kazi yangu hata siku moja, na hata leo hanidharau.

"Kwa hiyo unataka turudi kwenye yale yale?" nikamuuliza.

"Sijasema yale yale. Nimesema kuna mtoto anapiga debe ambalo si lake."

Hakusema ni la nani. Akainuka akaenda kumsaidia Ndanu.

Nilibaki pale nikitazama familia za watu. Baba mmoja alikuwa amembeba mwanawe mabegani ili aone mbali. Huyo mtoto alikuwa akipiga kelele za furaha, anataka simba atoke. Nikajaribu kumwaza Ndanu kwenye giza la kwetu, amekaa kwenye ghala, anasikiliza kama wale watoto wa hema walivyosikiliza. Wao waliambiwa wakae kimya wafurahie. Yeye anajua tawi likivunjika ni yeye, hakuna mwingine. Na asubuhi anavaa sare anakwenda shule, na mwalimu anamwita mvivu. Au baba yake.

Mwende alikuwa akiogopa kuacha pengo kwenye mstari. Pengo lilikuwepo tayari. Limekuwepo tangu nilipopanda basi la kuja huku, na mtoto amesimama ndani yake.

Nitasema ukweli mwingine, kwa kuwa hapa ndipo ninaposemea ukweli. Mimi Nairobi nalala vizuri. Nalalamika juu ya baridi, juu ya kifua, juu ya mwenye nyumba, lakini usiku naweka kichwa chini na hakuna anayenidai niamke. Sijawahi kuona hilo kuwa ni kitu. Leo nimeliona. Na nilipoliona, wazo la kwanza lililonijia halikuwa zuri: nilifikiri, basi nao waje walale kama mimi, wa mpakani watajijua. Syombua atajijua. Nimelipindua wazo hilo njia yote ya kurudi, na kila upande nilioligeuzia lilikuwa na uso wangu.

Ndanu alilala ndani ya basi mpaka Kaloleni. Safari hii sikumwambia mvivu. Nilimbeba mpaka mlangoni, miguu yake mirefu ikinigonga magotini, na Oti akaniita kwa dirisha, "Mzee, mwamshe basi, huyo ni mlinzi wetu!" Nikampungia mkono.

Jioni aliamka mwenyewe, akachukua sufuria za Mama Hamdi akaenda kuzisugua kwenye mfereji. Nikamfuata. Nilikaa kwenye jiwe. Sikujua naanzia wapi, kwa hiyo nilianzia mwisho.

"Mvua zikianza nitakuja nyumbani," nikamwambia. "Nitakesha mimi. Wewe utalala."

Aliendelea kusugua. "Mpaka lini?"

"Mpaka mahindi yaingie ghalani."

"Kila usiku?"

"Kila usiku."

Akanitazama. Nilitegemea atafurahi. Alikuwa akinipima, kama fundi anavyopima gogo kabla ya kuamua kama litatoa mnyama.

"Baba, wewe ukilala huamki. Juzi watu walivunja chupa hapo mlangoni, mama akaruka, mimi nikaruka, wewe ukakoroma."

"Nitazoea."

"Na debe peke yake hawaliogopi siku hizi. Ukipiga vile vile kila siku wanasimama tu wanakusikiliza. Lazima ubadilishe. Leo debe, kesho bati, siku nyingine unanyamaza kwanza mpaka wakaribie."

"Mpaka wakaribie kiasi gani?"

Akanionyesha kwa mwiko. Kutoka mferejini mpaka mlango wa jirani. Nilipima kwa macho, nikapima tena.

"Nitakufundisha," akasema. "Siku za kwanza tutakesha wawili. Ukishajua, ndio mimi nitalala."

Nilitaka kusema hapana, utalala kuanzia usiku wa kwanza, mimi ni baba yako. Lakini baba asiyejua kitu angewaweka wote hatarini, na mstari mzima pia. Nikamwambia sawa. Akarudi kwenye sufuria yake.

Mwende sijamwambia bado. Nadhani alisikia, maana mlango ulikuwa wazi na maji ya chai yalichemka kupita kiasi bila mtu kuyaondoa jikoni.

Sijui itakuwaje. Mwenye kibanda ni mtu mwema lakini mikono ya kupiga msasa imejaa mtaani, na kiti changu kikikaa miezi bila mtu, mwingine atakikalia. Nitamwomba niwe nikirudi baada ya mavuno. Anaweza kukubali, anaweza kunicheka. Ada za muhula ule zitatoka wapi sijui, na nafasi ya Ndanu shuleni hapa nitairudisha kwa mwalimu mkuu na kumshukuru. Mambo haya yote yananitisha, na nimeyaandika ili yasinitishe peke yangu.

Lakini kesho, kabla sijashika msasa, nitamwambia mwenye kibanda. Lazima nimwambie kesho hiyo hiyo. Ndanu ameshapanga ni upande gani wa ghala nitakaokaa.